Ringi za nguzo: maneno kwa mafundi wa Kigoma

Shikamooni wazee, na nyie vijana habari za kazi. Jamani hili ziwa letu limekaa kwenye Bonde la Ufa, ardhi huku inaachana polepole mpaka leo, tarehe 5 Desemba 2005 likapiga tetemeko la 6.8 hapahapa Ziwa Tanganyika, na 2016 Bukoba lilipiga la 5.9 tu na nyumba zikalala. Kwahiyo matetemeko sio habari ya Wajapani tu.

Watu wanasema jengo limeanguka sababu tetemeko lilikua kubwa. Sio hivo. Januari 2010 Haiti ilipigwa 7.0 wakafa zaidi ya laki moja, mwezi uliofuata Chile ikapigwa 8.8, nguvu mara mia kadhaa ya ile, wakafa kama 500 hivi. Kweli la Haiti lilipiga karibu kabisa na mji mkuu, ila Chile wana sheria ya ujenzi na wanaisimamia.

Nguzo tumeizoesha kubeba mzigo wa kwenda chini, tetemeko linaisukuma pembeni, kulia kushoto kulia kushoto, na inaumia zaidi pale juu inapokutana na bimu na pale chini inapoanzia. Zege likipasuka nondo zinataka kuchomoka nje zijikunje, kinachozizuia ni ringi, yaani kile chuma chembamba kinachozungushwa kuzifunga nondo, hiyo hiyo ringi ambayo wengi tunaiona ya kushikilia nondo tu wakati wa kumwaga zege!! Saiti nyingi nakuta ringi zimeachana kama urefu wa mkono, na ncha imekunjwa digrii 90, sasa zege la nje likibanduka ile ncha inafunguka na nguzo imekwisha. Ikunjeni digrii 135 iingie ndani kabisa ya zege, na huko juu na chini zibaneni, sentimita 10 zinatosha. Inaniuma sana mtu anabana hela hapo halafu ananunua marumaru.

Halafu fremu za biashara. Juu vyumba vina kuta kila upande, chini ni nguzo tupu na mageti ya maduka, likitikisika juu kunaenda kama sanduku, kupinda kote kunaishia chini, basi ghorofa ya chini inaporomoka na zingine zinaishukia. Uturuki Februari 2023 majengo ya hivo yalilala mengi, na waliokufa nchini humo walizidi 50,000. Kuta za zege zianzie kwenye msingi, hata mwenye fremu akilalamika.

Nyumba za tofali za udongo, fungeni lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, izunguke nyumba nzima isikatike hata kona moja, maana kona zikiachana ukuta unaanguka wenyewe.

Haya, mwenye ramani ya jengo lake ailete hapa mezani tuiangalie nguzo kwa nguzo.