Athene Ilipopiga Kura Mara Mbili

Ahsante, Mwenyekiti. Nimeona kwenye bango la pale mlangoni kwamba leo nitafundisha "siri za kuzungumza mbele ya watu". Aliyeandika bango hilo hakuniuliza. Siri sina, na hata ningekuwa nazo, wasemaji tunao wa kumwaga: wa harusini, wa misibani, wa majukwaani, na siku hizi wa kwenye simu. Tulichopungukiwa ni wasikilizaji. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua ninakoelekea. Naam, nakwenda Mytilene. Nivumilieni.

Ni mwaka 427 KK, vita vya Athene na Sparta viko mwaka wa tano. Mytilene, mji mkubwa wa kisiwa cha Lesbos, ulikuwa mshirika wa Athene. Ukaasi, ukazingirwa, njaa ikauma, ukasalimu amri. Wananchi wa Athene wakakutana wakiwa na hasira, wakapiga kura: wanaume wote watu wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Wote, aliyeasi na asiyeasi. Merikebu ikaondoka kumpelekea jemadari Paches amri hiyo.

Kulipokucha, watu wakaanza kutazamana. Jana tumefanya nini? Wakaitisha kikao kingine, na hapo ndipo penye somo langu lote.

Akasimama Cleon, ambaye jana yake ndiye aliyeipitisha hoja. Thucydides, mwanahistoria wa vita hivyo, anasema hakukuwa na mwananchi mkali kumshinda, na kwamba wakati ule hakuna aliyesikilizwa na umma kuliko yeye. Cleon hakuanza na Mytilene. Aliwageukia wasikilizaji, akawachana: ninyi mmekuwa watazamaji wa hotuba, mnakuja kikaoni kama wanaokwenda kuburudishwa na walimu wa ufasaha, utamu wa maneno umewateka. Sheria mbaya isiyobadilishwa, akasema, ni bora kuliko nzuri isiyo na nguvu, na watu wa kawaida huendesha miji vizuri kuliko wajanja.

Sasa tazameni ufundi wake. Hotuba nzima ya kuponda hotuba imesukwa kwa ufasaha wa hali ya juu, sentensi zimepangwa mbili mbili, zinapigana na kujibizana. Mtu anawaonya watu wasilewe maneno huku yeye ndiye anayemimina. Kila ninaposikia mwanasiasa akianza na "mimi si msemaji mzuri, ni mtu wa vitendo", nashika mfuko wangu. Lakini nataka mlione na hili: kuhusu wasikilizaji, Cleon alisema kweli. Ndiyo maana ni hatari.

Akafuata Diodotus, mwana wa Eucrates, mtu ambaye nje ya siku zile mbili historia haimtaji kabisa. Mngetarajia alilie huruma: watoto, wazee, damu isiyo na hatia. Hakugusa hata kidogo. Aliwaambia hivi: hatuko mahakamani kuamua kama watu wa Mytilene wana hatia, tuko hapa kuamua faida yetu. Adhabu ya kifo ipo kila mahali na watu bado wanakosa, kwa sababu tumaini na tamaa vinawasukuma. Mkiua wote, mji utakaoasi kesho utapigana mpaka mtu wa mwisho, mtamaliza fedha kuuzingira, na mkiuchukua mtakuta magofu yasiyolipa kodi. Tena watu wa chini wa Mytilene ndio waliolazimisha mji usalimu amri walipopewa silaha, na ninyi mnataka kuwaua hao hao?

Najua kuna anayesema moyoni: huo ni ukatili wenye adabu. Hata mimi ulikuwa ukinikera. Lakini jiulizeni alikuwa anazungumza na nani. Cleon alikuwa ameshawafunga, yeyote atakayetaja huruma ataonekana dhaifu au amehongwa. Diodotus akapita mlango uliobaki wazi. Tena akasema neno zito kuliko yote: Athene imefika mahali ambapo hata mwenye ushauri mwema hana budi kudanganya ili aaminiwe. Hiyo hati ya mashtaka haimhusu msemaji, inawahusu waliokaa.

Kuna mwingine, huyu huwa hakosi, atasema hotuba hizo aliziandika Thucydides mwenyewe. Ndiyo, na hakuficha. Anasema ilikuwa vigumu kukumbuka maneno yenyewe, kwa hiyo aliwapa wasemaji yale yaliyopasa kusemwa, akikaa karibu na maana ya kilichosemwa. Sawa. Ila kura haikutungwa. Na dada yangu pale mbele, najua: wanawake na watumwa hawakuwemo kikaoni. Kweli kabisa, na waliokuwa wanajadiliwa wauzwe nao hawakuwemo.

Mikono ikanyooshwa. Karibu wagawanyike nusu kwa nusu. Diodotus akashinda kwa tundu la sindano.

Ikatumwa merikebu ya pili, wakati ya kwanza imeshatangulia kama mchana mmoja na usiku mmoja, na safari ni zaidi ya kilomita 300 za bahari. Wajumbe wa Mytilene waliokuwa Athene wakawapa mabaharia divai na unga wa shayiri, wakaahidi zawadi nono. Wapiga makasia wakala huku wanapiga, unga umekandwa kwa divai na mafuta, wakalala kwa zamu. Upepo wa mbisho haukuwapo. Na ile ya kwanza ilikuwa inajikokota, maana nani ana haraka ya kupeleka amri kama ile? Paches alikuwa ameshaisoma amri, anajiandaa kuitekeleza, ya pili ikatia nanga. Mji ukapona. Msipige makofi bado, maana wale waliotajwa kuwa vinara wa uasi, zaidi ya 1,000, waliuawa kwa hoja ya Cleon huyo huyo.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka haraka. Mwaka ule ule Gorgias wa Leontini, mwalimu mashuhuri wa ufasaha, alikuja Athene kutoka Sisilia kuomba msaada wa vita. Alifundisha kwamba neno ni mtawala mkuu mwenye mwili mdogo usioonekana, na kwamba linafanya rohoni kile dawa inachofanya mwilini: nyingine huponya, nyingine huua. Athene ikatuma merikebu 20. Mwanafalsafa Aristotle alikuja baadaye sana. Zile njia zake tatu za kushawishi, tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe, zimo katika kila kijitabu cha uzungumzaji, lakini watu hukiruka kitabu cha pili cha Rhetoric yake, ambako anachambua hasira, woga, huruma na wivu wa aliyeketi, kimoja kimoja.

Mwaka 406 KK umma ule ule uliwahukumu kwa pamoja, kwa kura moja ya wote, majemadari wanane walioshinda vita vya baharini vya Arginusae dhidi ya Sparta, kwa kuwa dhoruba iliwazuia kuokoa waliozama. Mwananchi mmoja, Euryptolemus, aliomba kila mmoja ajibu kesi yake peke yake. Hoja yake ikapita, ikapingwa, kura ikarudiwa, ikaanguka. Sita waliokuwepo mjini waliuawa. Majuto yalikuja, merikebu ya kutuma haikuwepo.

Demosthenes, yule msemaji wa Athene anayesimuliwa kujizoeza kusema na kokoto mdomoni, namwacha, anayemtaka anifuate nje kwenye chai. Maswali sasa. Na atakayeanza na "mimi sina swali, nina mchango", kaka yangu, tafadhali keti.