Mnaoniomba niwatumie baiskeli ya Peugeot ya zamani, shikeni kalipa ya kupimia kwanza

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa zangu shikamooni. Leo hakuna muziki wa kufungulia wala mandhari ya mlima. Niko stoo, hapa Saint-Étienne, mikono imejaa grisi, kwa hiyo nikijikuna pua mkaona weusi msishangae.

Swali ni lile lile. Hata nikiweka video ya kupika maharage, chini yake nakuta mtu kaandika: kaka, hiyo Peugeot iliyoegemea ukutani umenunua bei gani, nifanyie mpango na mimi. Nikitaja bei, naambiwa naringia euro. Nikisema ina kazi, naambiwa nalalamika na huku niko Ulaya. Nikikaa kimya ndiyo kabisa, nimebadilika. Basi leo namwaga yote, na anayetaka kunisema anisubiri nimalize.

Bei ya kununulia ndiyo sehemu rahisi. Peugeot UO-8 ya miaka ya 1970, ile ya chuma cha kawaida, kwenye magulio ya Jumapili ya kuuza vitu vya darini utaipata kwa euro 50 hadi 150, kulingana na kutu na uso wa muuzaji. Na ndiyo, lafudhi yako ikisikika bei inaweza kupanda hapo hapo, tuachane na hayo. PX-10, ya mashindano, yenye mabomba ya Reynolds 531, hiyo ni mia kadhaa. Za mafundi wa Levallois-Perret, René Herse na Alex Singer, hizo ni maelfu. Sina, na msiniulize.

Sasa nikutumie. Kampuni za vifurushi vya ndege hazitazami kilo peke yake. Wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5,000, halafu wanatoza kwa namba iliyo kubwa. Boksi la baiskeli la 140 kwa 80 kwa 20 linakupa kilo 45 kasoro kidogo. UO-8 yenyewe ina kilo kama 13. Zilizobaki unasafirisha hewa, na hapo hujaonana na forodha ya kwako.

Makaratasi nayo. Tangu 2021 muuzaji wa biashara hapa Ufaransa, awe anauza mpya au iliyotumika, lazima baiskeli iwe imepigwa namba ya utambulisho na kuandikwa kwenye daftari la taifa. Mtu binafsi halazimiki. Vikongwe hivi vingi vinatoka kwa watu binafsi, kwa hiyo kilichopo ni namba ya kiwandani tu, mara nyingi chini ya ekseli ya kati (ile inayozungushwa na pedeli), imefunikwa rangi na tope. Isugue kwa brashi laini, isome, kisha andikishaneni karatasi: tarehe, bei, namba hiyo, majina na sahihi za wote wawili. Ipige picha ikae kwenye simu. Sisi tukionekana juu ya baiskeli nzuri tunaulizwa risiti kuliko jirani zetu, anayekaa huku ananielewa. Naishia hapo.

Tuje kwenye chuma.

Viwanda vya Ufaransa vilikuwa na vipimo vyao vya milimita na viliving'ang'ania mpaka miaka ya 1980. Spea nyingi mnazozijua zinafuata vipimo vya Kiingereza vya inchi. Tofauti yenyewe ni ya unywele, na ubaya wote uko hapo. Ingekuwa kubwa, spea ingegoma ukajua umekosea. Hii inaingia.

Angalia pedeli hii. Nyuzi zake ni milimita 14, na hatua, yaani nafasi toka uzi hadi uzi, ni 1.25. Pedeli ya kawaida ni inchi 9/16, yaani 14.28, nyuzi 20 kwa inchi, hatua ya 1.27. Ukiilazimisha ya kawaida kwenye krenki (mkono unaobeba pedeli) ya Kifaransa inakwenda mizunguko miwili mitatu, inakaza, mtu anachukua spana ndefu zaidi, krenki ya alumini imekwisha. Kinyume chake, ya Kifaransa kwenye krenki ya kawaida inaingia kwa vidole, inacheza, na siku ya mlima inang'oka na nyuzi. Dawa ipo. Kwa kuwa 14.28 inaizidi 14, krenki ya Kifaransa inakatwa nyuzi upya kwa kikata nyuzi cha 9/16, mafuta mengi, mbele robo mzunguko, nyuma kidogo kutoa chenga, mbele tena. Kushoto unatumia kikata cha kushoto. Ukishakata hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo mwenye PX-10 nzima asifanye hivyo, atafute pedeli za 14. Na herufi D na G mwishoni mwa pedeli ni kulia na kushoto kwa Kifaransa, msinunue G mbili.

Sasa sehemu inayoliza watu: vikombe vya beringi za ekseli ya kati. Kiingereza ni inchi 1.37, nyuzi 24. Kifaransa ni 35 kwa 1, yaani kipenyo milimita 35 na hatua 1, na nyuzi zote mbili, upande wa cheni na upande wa kushoto, zinafungwa kulia. Kuna na Uswisi, 35 kwa 1 vilevile, ila upande wa cheni nyuzi zake ni za kushoto. Baiskeli nyingi za Motobécane, chapa nyingine ya Kifaransa, za miaka ya 1970 zina hiyo ya Uswisi. Peugeot walianza na ya Kifaransa, wakapitia ya Uswisi, wakamalizia na ya Kiingereza. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye fremu halitoshi, pima.

Tatizo la nyuzi za Kifaransa ni hili: mzunguko wa pedeli unasukuma kikombe cha upande wa cheni kifunguke taratibu. Kiwandani walilijua, wakakikaza sana. Ongeza miaka 50 ya kutu. Spana ya kawaida itateleza na kula kona zake.

Kwa hiyo kwanza usikitoe. Toa kikombe cha kushoto, ekseli na gololi, ingiza tochi, futa kikombe kile kikiwa mahali pake kwa kitambaa na petroli, pitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya gololi. Ikipita bila kukwama, kiache. Weka grisi, gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, rudisha. Gololi ni rahisi, usirudishe za zamani hata ziking'aa.

Kama njia ina mashimo, hapo lazima kitoke. Nyunyiza mafuta ya kupenya, kiache kikalale usiku mzima. Kesho yake fungia jiliwa kubwa mezani, laza fremu upande wa cheni ukiwa chini, bana zile pande bapa za kikombe kwenye jiliwa, kaza kweli kweli. Kisha shika fremu huku na huku uizungushe yote. Ukitazama kutoka juu, nyuzi za Kifaransa unazungusha kinyume cha saa, za Uswisi unafuata saa. Usipojua ni ipi, jaribu kinyume cha saa kwa nguvu ya wastani, ikigoma geuza. Kinapoachia kinatoa mlio kama risasi, majirani watauliza. Vikombe vipya vya 35 kwa 1 vinapatikana ila ni ghali, na kuna beringi za kisasa zisizogusa nyuzi, zinajitanua ndani ya bomba. Kwa baiskeli ya kwendea kazini mimi ningeweka hizo. Ni maoni yangu, mwingine atakwambia nimeharibu historia.

Shingo ya usukani. Ya Kifaransa ina kipenyo cha milimita 22.0, ya kawaida 22.2. Hii usiipigilie kwa nyundo. Chukua ya kawaida, izungushie msasa wa chuma wenye maji, punguza moja ya kumi ya milimita kila upande, pima kila baada ya dakika tano. Nusu saa inatosha. Usukani nao ni 25.0 badala ya 25.4. Ukiutia kwenye shingo ya kawaida utacheza, kwa hiyo kata kipande cha kopo la soda, mizunguko miwili, kinajaza. Lakini kama shingo yako imeandikwa AVA, itoe na usiirudishe. Chini ina mipasuo inayotanuka inapokazwa, na nyufa huanzia kwenye mipasuo hiyo. Ikikatika unabaki na usukani mkononi, baiskeli inaendelea na safari zake.

Kotapini, zile pini zinazobana krenki kwenye ekseli, mnazijua, mmekua na Raleigh, sina la kuwafundisha. Isipokuwa ya Raleigh ni 9.5 na ya hizi ni 9.0. Ukiongeza tundu kwa tupa ili ya 9.5 iingie, krenki haitakaa sawa tena. Na wakati wa kugonga, simamisha bomba la chuma chini ya krenki lifike sakafuni, la sivyo kila nyundo unapigilia gololi kwenye vikombe ulivyovisafisha jana.

Krenki zisizo na kotapini, za Stronglight, zilitengenezwa humu humu Saint-Étienne. Chombo cha kuzing'olea ni 23.35. Za TA, kiwanda kingine, ni 23.0. Cha kawaida ni 22, kinaingia kwa ulegevu, unakaza, kinatoka na nyuzi zote. Hicho chombo kimoja kinaweza kukugharimu kuliko ulivyolipia baiskeli, na hapo ndipo watu wanaposema naringa. Jamani, nanunua spana.

Friwili, yale meno ya nyuma, nitapita haraka: 34.7 ya Kifaransa, 34.8 ya Kiingereza. Ya Kiingereza juu ya habu ya Kifaransa inaingia, halafu inachuna nyuzi ukikanyaga kwa nguvu. Nunueni na habu yake.

Gia za nyuma za Simplex za plastiki ya Delrin zinapasuka, hasa kwenye mwili na pale zinaposhikilia fremu, na ile ya mbele inapasuka kwenye bangili yake ukikaza kupita kiasi. Ukitaka kuweka gia ya kisasa, sikio la fremu ya Simplex, pale gia inapofungwa, halina nyuzi. Linakatwa 10 kwa 1, na linapigwa tupa kwa nyuma kidogo ili gia ipate pa kuegemea. UO-8 imefunga gia kwa kibati cha kushikiza, hiyo haina kazi, unabadilisha kibati chote.

Tairi, hapa kuna habari njema. Msisome namba kubwa, someni ile ndogo ya kipenyo cha rimu. 700C ni 622, zipo kila mahali. 650B ni 584, zimerudi sokoni. 650A ni 590, ndiyo 26 kwa 1 3/8 ya Kiingereza. Na 700B, ambayo huku wanakwambia haipo tena, ni 635, yaani 28 kwa 1 1/2, tairi ile ile ya baiskeli za keria za nyumbani. Mtu wa Tabora anaweza kuipata kabla yangu.

Breki za Mafac, kutoka Clermont-Ferrand, ni nzuri na zina kelele. Mikono yake inapinda kidogo, mpira unagusa rimu kwa kisigino, unapiga yowe. Pindisha mpira ncha ya mbele iguse kwanza, acha pengo la milimita moja nyuma. Kwenye rimu za chuma zilizopakwa kromu, mvua ikinyesha breki zinachelewa, hata mpira uwe mpya. Badili rimu ziwe za alumini, hesabu spoku kwanza, maana 36 hazikai kwenye rimu ya 32.

Kuiendesha sasa. PX-10 ilikuja na meno 52 na 45 mbele. Kutoka hapa mjini kupanda Col de la République, mita 1,161, ni zaidi ya kilomita 10 za mlima, na hilo la meno 45 ni adhabu. Krenki ya Stronglight 93 inakubali la 38, weka hilo. UO-8 ina 36 na nyuma 28, inapanda kwa adabu japo ni nzito. Vishikio vya gia viko kwenye bomba la chini, havina mlio wa kukuambia umefika. Punguza nguvu ya miguu, vuta, sikiliza cheni, rekebisha. Kikijirudisha chenyewe ukiwa mlimani, kaza kile kisikurubu cha pembeni robo mzunguko.

Ukijumlisha tairi, kebo, cheni, mipira ya breki, gololi na utepe wa usukani, kwangu inafika kama euro 120 juu ya bei ya kununulia, bila vifaa na bila siku zangu za mapumziko. Kwako itakuwa tofauti, kila mtu na stoo yake, na fundi wa kwenu mwenye mashine ya kuchongea chuma anaweza kunishinda kwa mengi haya.

Kama tayari unayo, maana najua wako wanaozipata kwa wageni wanaoondoka, usinitumie picha ya baiskeli nzima imeegemea mnazi. Nitumie tatu za karibu: kikombe cha upande wa cheni, mwisho wa nyuzi za pedeli, na namba ndogo ya tairi. Weka rula ionekane.