Mama Akija Dar, Msimkalishe

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na leo nina ombi kwa watoto kuliko kwa wazazi. Mama anatolewa kijijini analetwa Tabata au Mbagala, kwa mapenzi kabisa. Kule alikuwa anakwenda shamba, anateka maji, anatembea hadi msikitini au kanisani. Hapa akigusa ufagio tu, nyumba nzima inapiga kelele: "Mama acha, dada yupo!" Anakalishwa mbele ya televisheni. Baadaye mnaniambia siku hizi anasahau, na akisimama anayumba. Mnasema ni uzee. Uzee upo, ila mara nyingi tumeusaidia.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yetu. Oksijeni hiyo inafikishwa na damu. Ukitembea kwa kasi hadi pumzi zikaongezeka, na ukafanya hivyo mara kwa mara, presha inashuka, sukari inatumika, na mwili unazalisha protini zinazosaidia seli za ubongo kuishi na kuungana. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wazee 120 kwa mwaka mmoja. Kundi moja lilitembea mara tatu kwa wiki. Walianza na dakika 10, wakapanda polepole hadi 40. Kundi la pili lilifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Waliotembea, hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, iliongezeka ukubwa kwa asilimia 2. Ya wenzao ilisinyaa. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, na sisemi mazoezi yanatibu ugonjwa wa kusahau. Lakini hapo hakuna gym ya kulipia. Ni miguu tu.

Sasa kiharusi. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya katika eneo la Dar es Salaam na wilayani Hai, Kilimanjaro. Walipozingatia tofauti za umri, kiwango cha Dar kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai. Sababu ni nyingi, na presha isiyotibiwa ndiyo ninayoiogopa zaidi. Basi pimeni presha, na dawa msiziache eti kwa sababu mnajisikia vizuri.

Aliyepooza mkono wa kulia huanza kufanya kila kitu kwa kushoto. Ni rahisi, na familia inafurahi. Kumbe ubongo nao unazoea kuishi bila ule mkono. Mmarekani Edward Taub alikuja na tiba ya kufunika mkono usiopooza kwa glavu sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi. Inawafaa wale ambao vidole na kifundo cha mkono bado vinajongea kidogo, na imesaidia hata watu waliokwisha kukaa miezi kadhaa na kiharusi.

Mimi nyumbani kwa watu natumia maharage. Sahani mbili, punje moja moja, kidole gumba na cha shahada. Punje inateleza, inaanguka, mzee anahema, jasho linamtoka. Binti yake ananyoosha mkono amwokotee. Hapo ndipo namzuia binti. Ile kuhangaika na punje ndiyo tiba yenyewe.

Angalizo moja: saa 24 za kwanza baada ya kiharusi si za kumkurupusha mgonjwa. Utafiti mkubwa wa 2015 ulionyesha kuwa kuwainua mapema mno, tena mara nyingi, kulipunguza nafasi yao ya kupona vizuri. Wasikilizeni wahudumu wa wodini.

Kwa wenye miaka 65 na zaidi, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, siku tatu au zaidi. Najua mtasema barabara zetu zimejaa bodaboda. Uwani panatosha. Shika meza, inua mguu mmoja, hesabu hadi kumi, badilisha.

Naomba kile kiti imara, kiegemee ukuta. Mzee mmoja aje tujaribu kusimama bila kusukuma kwa mikono. Mwanawe akae karibu, ila asimshike mpaka niseme.