Mlima kwa mistari mitatu: kusoma mchoro wa penseli wa kibandiko cha kitabu

Mhadhara uliotolewa Moshi

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Mchoro huu unaozunguka mikononi mwenu una upana wa sentimita 12 na urefu wa 16. Kibandiko chenyewe, kile cha kugandisha ndani ya jalada kumtaja mwenye kitabu, kitakuwa 6 kwa 8. Kila mstari utakonda nusu, na nafasi kati ya mistari vilevile. Hapo wengi huumia: vivuli vilivyosukwa vizuri kwa penseli hushikana vikichapwa, likabaki doa.

Vibandiko hivi vilianza Ujerumani katika karne ya 15. Baadaye mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer alimchorea rafiki yake Willibald Pirckheimer kimoja chenye ngao na vitoto vya malaika, kimejaa hasa. Wachoraji wa usasa wakaja kupunguza. Tazameni Kibo hapa, kilele kikuu cha Kilimanjaro: miteremko miwili na mstari bapa juu, basi. Mawenzi, kilele jirani, ni meno manne. Theluji haipo, na hapa Moshi hakuna atakayeuliza ni mlima gani.

Sasa mulikeni tochi kutoka ubavuni. Kando ya mteremko wa kushoto kuna mfereji mwembamba usio na rangi. Ni alama ya penseli ngumu, 4H hivi, iliyokandamizwa. Raba imeondoa weusi, mfereji umebaki. Mteremko umesogezwa ndani milimita 5, jina lipate kupumua. Kwangu mimi mfereji huo ni mtamu kuliko mlima wenyewe.

Geuzeni karatasi. Weusi ule wa nyuma si uchafu, msiufute. Ni penseli laini iliyopakwa ili mchoro unakiliwe kwa kukandamiziwa juu ya karatasi safi. Lakini ukinakili hivyo moja kwa moja kwenye lino, lile bamba laini la kuchonga kwa kuchapia, chapa itatoka kinyume: Mawenzi kushoto, Kibo kulia, ukajikuta unautazama mlima kutoka Amboseli, upande wa pili, Kenya! Dawa ni kunakili kwanza kwenye karatasi angavu, kuilaza kifudifudi juu ya lino, kisha kusugua kwa mgongo wa kijiko. Kabla ya kushika kisu, liwekeni lino mbele ya kioo msome jina. M, A, U na O hazibadiliki sura zikigeuzwa, kwa hiyo hazimshtui mchongaji. Anzeni na N na S.