Seva imetulia lakini yachelewa kujibu? Tazama usingizi wa prosesa

Asalaam aleikum, watazamaji wangu. Kama seva yako ya Linux hujibu chapuchapu ikiwa na kazi nyingi, kisha ikitulia inazubaa, tufuatane.

Prosesa ikikosa kazi hulala ili kuokoa umeme. Usingizi huo una ngazi: C0 ni macho, C1 ni kusinzia, C6 ni usingizi mzito. Mtazame dereva wa tuktuk pale Marikiti: injini ikiwa yanguruma, ukipanda tu mwaondoka. Akiizima na kujilaza kiti cha nyuma, sharti umwamshe kwanza.

Fungua terminali, andika:

cpupower idle-info

Angalia hapa kwenye skrini yangu, palipoandikwa Latency. Huo ni muda wa kuamka, kwa mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde. Prosesa yangu hii ya Xeon yaonyesha C1 ni 2, C1E (kusinzia kuzito kidogo kuliko C1) ni 10, C6 ni 133. Chini yake kuna Usage, idadi ya mara ambazo prosesa imeingia ngazi hiyo. Ngoja kidogo, rudia amri. Namba ya C6 ikipanda mbio, hapo ndipo muda wako unapopotelea.

Sasa pima muda wa kujibu, kabla hujagusa kitu. Tuma maswali kwa kanzidata ya seva hiyo moja moja, na upumzike kidogo katikati. Tafadhali usiimiminie maelfu kwa mpigo, maana seva iliyobanwa na kazi hailali, na hutaona tofauti yoyote. Wengi hukosea hapa.

Ukishapima:

sudo cpupower idle-set -D 20

Tumefunga kila ngazi inayohitaji mikrosekunde 20 au zaidi kuamka. C6 imetoka, C1 na C1E zimebaki. Pima tena.

Je, yafaa? Kwa mtu anayefungua tovuti yako kutoka Ulaya, mikrosekunde 133 hatazihisi. Lakini programu inayouliza kanzidata iliyo kwenye seva ya jirani maswali 200, moja baada ya jingine, yaweza kupoteza milisekunde 26 kwa kuamshana tu. Hizo zahisika.

Gharama yake ni umeme na joto, na kwa joto letu la Mombasa mwezi wa Februari, eyakondishena ya chumba cha seva tayari yahema. Tena, prosesa ina viini kadhaa vinavyofanya kazi, na kiini kimoja kikilala fofofo huwaachia wenzake nafasi ya kwenda kasi zaidi, kwa hiyo kuwaweka wote macho kwaweza kupunguza mwendo wa kazi inayotegemea kiini kimoja. Na kwa ajili ya umeme na joto hilo, C1 siigusi kamwe.

Kurudisha yote:

sudo cpupower idle-set -E

Ukiwasha seva upya pia hurudi ilivyokuwa.