Sakafu ya slaidi imeoza: lala chini uchungulie kabla hujatoa hela

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za huko nyumbani. Kipande mlichokiona mwanzo wa video, kile ninapobonyeza kwa kidole na kidole kinazama, nilikirekodi wiki tatu zilizopita nikiwa nimelala chali chini ya tela letu. Ile mliyoiona ni sakafu. Sakafu tunayokanyaga kila siku, na kidole kinaingia kama kwenye mkate uliolowa chai.

Kwa wageni wa chaneli hii: sisi tunaishi ndani ya tela. Shemeji yenu ni muuguzi, na kazi zake hapa Marekani ni za mkataba wa wiki 13. Ukiisha, tunavuta tela kwa pikapu tunaelekea hospitali nyingine. Kupanga nyumba kwa miezi mitatu mitatu ni gharama kubwa, kwa hiyo tulijibana tukanunua hili, la mkono wa pili. Sasa tuko Texas, pembeni ya Houston. Mvua ya huku wenyeji wa Tanga wangeielewa, ikianza haina salamu.

Slaidi ni nini? Sheria ya barabara kuu huku inaruhusu chombo chenye upana wa futi 8 na nusu, kama mita 2.6. Ukishaweka kitanda, jiko na choo humo, watu wawili hampishani. Ndiyo maana kipande cha ukuta, pamoja na sakafu yake na paa lake, kinatengenezwa kitoke nje kwa mota ukishaegesha, mfano wa mtoto wa meza unavyovutwa. Yetu inatoka kama sentimita 90, na juu yake kuna sofa na meza ya kulia. Ikiwa nje unajisikia uko sebuleni kabisa.

Lakini fikirieni hiyo sakafu imekaaje. Haina nguzo chini. Inashikwa na reli mbili na vigurudumu vidogo kwenye ukingo wa tela, sehemu yote iliyobaki inaning'inia hewani na sofa lake na watu wake. Tena kwenye matela mengi haikutengenezwa kwa mbao nzima. Ni ubao wa vibanzi, vibanzi vya mti vilivyotiwa gundi vikakandamizwa kwa joto. Wanauita OSB. Ukiwa mkavu ni mgumu, sina neno. Ukinywa maji unavimba kuanzia ukingoni, na hata ukikauka haurudi ulivyokuwa, maana gundi imeshaachia.

Sasa njooni karibu na kamera. Hiki cheusi nilichoshika ndicho kilichofunika ubao kwa chini. Kipapaseni kwa macho. Ni kiroba! Plastiki ileile iliyofumwa ya kiroba cha mchele, ila kimepakwa rangi nyeusi na tabaka la kuzuia maji. Kazi yake ni kukinga maji yanayoruka kutoka barabarani, na hayo kweli yanakingwa. Ila maji yakipata njia ya kuingia kwa juu, kiroba hichohicho kinayashika yasitoke. Nilipokipasua kwa kisu, maji yalinimwagikia kifuani, meusi, yananuka kama ndoo ya deki iliyosahauliwa. Ubao ukafuata kwa viganja.

Dalili tulikuwa nazo tangu zamani, nasi hatukuzisoma. Mtoto alikuwa akiangusha chungwa, linabingirika mpaka kona ya nje, kila mara kona ileile. Mota ilianza kuguna wakati wa kurudisha slaidi ndani. Kwa juu, pale mpira wa kuzuia mvua unapogusana na ukuta, ukatokea uwazi wa kupitisha kidole upande mmoja. Hiyo ya mwisho ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu sakafu ikilegea, upande wa nje unashuka, mpira wa juu unaachia, mvua nyingine inaingia. Ubovu unazaa ubovu.

Maji yalianzia wapi? Nilitafuta siku mbili. Nilimwagia maji kwa bomba, kuanzia chini nikipanda taratibu, shemeji yenu akiwa ndani na tochi. Kona ya chini ya slaidi, pale ubati wa pembe unapokutana na ukuta, hapakuwa na dawa ya kuzibia. Sehemu ndogo, haifiki urefu wa kidole gumba. Maji ya ukutani yalikuwa yanashuka, yanapita nyuma ya ubati, yanatua juu ya ubao, ndani ya kiroba. Miaka yote hiyo.

Gereji niliyouliza walinitajia bei inayokaribia nusu ya hela tuliyonunulia tela zima. Nilirudi nyumbani kimya. Usiku shemeji yenu akasema, "Baba, wewe umekua kwenye karakana ya useremala ya mzee. Hiyo si mbao tu?" Basi nikaanza.

Sehemu hii wanaoishi kwenye matela naomba waisikilize vizuri. Kwanza nilikata umeme wa betri, ile ya volti 12, ili mtu asiguse swichi nikiwa chini. Sofa na meza vikatoka. Slaidi nikaiinua kidogo kwa jeki mbili zenye gogo la mbao juu yake, kisha uzito nikauhamishia kwenye stendi za chuma. Usiingie chini ya kitu kilichobebwa na jeki peke yake, ndugu yangu. Jeki ni ya kuinulia tu.

Ubao uliooza nilikata wote, na baada ya pale ulipoonekana mzima nikaongeza sentimita 10, maana uozo unatangulia kuliko jicho. Nilitumia kipima unyevu. Kikisoma asilimia 20 na zaidi, naendelea kukata. Badala yake nikaweka plaiwudi ya kuhimili maji, unene uleule wa sehemu 5 kati ya 8 za inchi, karibu milimita 16. Nasisitiza unene uleule. Nilishawishika kuweka nene zaidi kwa ajili ya nguvu, lakini vigurudumu na mipira vilipimwa kwa ule wa mwanzo; ukizidisha, slaidi inakwaruza kila kitu. Nguvu niliitafuta kwingine, kwa kufunga pembe ya aluminiamu ukingo wote wa nje. Kiungo cha ubao wa zamani na mpya nilikikata nusu kwa nusu ili vilaliane, nikatia gundi ya epoksi, skrubu nikazizamisha ili gurudumu lisizikute. Kila ukingo wa plaiwudi ulipata mikono mitatu ya epoksi kabla haujapanda, kwa sababu mbao hunywa maji kwa mdomo, na mdomo wake ni pale ilipokatwa.

Kiroba kipya nimekipanga tunavyopanga mabati, la juu linalalia la chini, maji yateleze yaende zake. Na pale konani, msipake silikoni ya bafuni. Siku ya kurudia kuziba, dawa nyingine haitashika juu ya mabaki yake. Kuna dawa maalumu za matela, tafuteni hizo.

Mmoja wenu aliuliza kwa nini nisiache stendi chini ya slaidi moja kwa moja. Kitabu cha tela letu kinakataza. Tela linacheza kwenye springi zake, ardhi nayo inatitia. Stendi ikibaki imekaza, uzito wote unasukumwa kwenye reli, na reli ikipinda hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Na wewe uliyeniandikia kwamba umeona tela zuri huko Minnesota na unalipia wiki ijayo: muuzaji atakuonyesha sofa na televisheni. Wewe chukua bisibisi na boksi, lala chini. Gusa kona zote nne za slaidi kwa mpini, kwa nguvu ya kawaida. Mahali pakibonyea, au kiroba kikiwa kimejaa kama tumbo, simama umwambie asante. Akikukataza kulala chini, jibu umeshalipata.

Haya, tujaribu. Betri nimerudisha. Pimamaji nimeliweka pale kwenye sakafu, mtoto ameshika kamera ya pili. Mama, uko mbali na mlango? Nabonyeza.

Sikieni hiyo mota. Haiguni. Inatoka... inatoka... imefika. Sogeza kamera, mwanangu, hapo kwenye kichupa. Povu liko katikati ya mistari. Sasa lete chungwa.