Mchoreni Askari Kuanzia Miguuni

Ndugu zangu, habari za jioni. Mada niliyopewa ni jinsi katuni na tamthilia za televisheni zinavyoonyesha yale yanayompata askari vitani. Wale mlionisikia kabla mnajua nitaanzia wapi, nami sioni sababu ya kubadilisha. Naanzia kwenye soksi.

Bill Mauldin alikuwa sajini katika Divisheni ya 45 ya jeshi la Marekani. Alitua Sicily Julai 1943 akiwa na miaka 21, akavuka na wenzake hadi Italia bara, akajeruhiwa begani na kipande cha kombora, akaendelea kuchora. Katuni zake zilitoka kwanza katika gazeti la divisheni yake, kisha katika Stars and Stripes, gazeti la wanajeshi wenyewe. Wahusika wake wakuu ni wawili tu, Willie na Joe, askari wa miguu wenye ndevu za wiki nzima, mabega yameanguka, makoti yamelowa. Katika mojawapo ya katuni hizo Willie anamwambia Joe kwamba jana Joe alimwokoa maisha, naye Willie akaapa kumlipa. Basi apokee, hii hapa jozi yake ya mwisho ya soksi kavu.

Asiyejua vita anadhani huu ni mzaha mwepesi. Hebu tuuchambue. Ni majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944, milimani Italia, mvua na matope usiku na mchana. Handaki limejaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Viatu ni vya ngozi, vimelowa, na mtu anaogopa kuvivua kwa sababu akishambuliwa ghafla atakimbia peku. Miguu ikikaa kwenye maji baridi siku mbili tatu, mishipa inajikaza na damu haifiki vizuri. Ngozi inakuwa nyeupe yenye mikunjo, kisha mguu unakufa ganzi. Hapo ndipo pabaya, maana ganzi inamdanganya mtu kwamba maumivu yamekwisha. Mguu ukipata joto unavimba na kuwaka kama moto, malengelenge yanatoka, nyama inaanza kuwa nyeusi, na mwisho daktari anakata vidole au mguu wenyewe. Maelfu ya askari walitolewa mstari wa mbele namna hiyo pasipo kuguswa na risasi hata moja.

Kinga yake inajulikana. Vua viatu walau mara moja kwa siku, kausha miguu, isugueni ninyi kwa ninyi mpaka damu irudi, vaa soksi kavu. Zile zilizolowa zitie ndani ya shati, tumboni, zikauke kwa joto la mwili. Kwa hiyo mtu anayekupa jozi yake ya mwisho ya soksi kavu amekupa miguu yake. Deni la uhai limelipwa kwa uhai. Ndani ya picha hiyo hakuna bunduki inayofyatuliwa, hakuna bendera, adui haonekani. Lakini askari aliyeko handakini akiiona anajua kwamba mchoraji amelala pale alipolala yeye, na mama yake kule nyumbani akiiona anaelewa kitu ambacho mwanawe hakuweza kukiandika kwenye barua.

Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena, kwa sababu kila nikipokea kazi zenu za vita ukurasa wa kwanza ni mlipuko. Ukurasa wa pili ni mlipuko. Kwenye ukurasa wa tano ndipo namwona askari, amesimama wima, amenyoa, bunduki mkononi, na sijui amekula nini tangu asubuhi.

Kuhusu kunyoa, Jenerali George Patton naye alikuwa na lake. Aliona Willie na Joe wanalichafua jeshi, akatishia kulizuia gazeti lisiingie katika Jeshi lake la Tatu. Machi 1945 Mauldin, sajini wa miaka 23, aliitwa makao makuu ya Patton huko Luxembourg akakemewa kwa kuwachora askari wachafu. Mauldin hakubadilisha kitu, na wakubwa waliokuwa juu ya Patton hawakumlazimisha. Sasa pimeni wenyewe nani alikuwa na haki. Chupa ya maji ya askari wa Marekani ilibeba kama lita moja. Kwenye mlima ambako maji yanapandishwa kwa nyumbu usiku, hiyo lita moja ni ya kunywa. Kofia ya chuma ndiyo beseni: unatoa kofia ya ndani, unatia maji kidogo, unanawa uso, mwenzako naye ananawia maji yaleyale. Askari aliyenyoa vizuri mstari wa mbele ni askari aliyefika leo asubuhi. Mkimchora amenyoa, mmeshasema amefika leo, hata kama hamkukusudia.

Mwaka huohuo wa 1945 Mauldin alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Gazeti lilikuwa limeandika kwa mbwembwe kwamba wanajeshi wa Marekani, wachangamfu na waliolewa ushindi, wanaleta maelfu ya mateka wenye njaa na waliochakaa. Katika katuni ya tuzo hiyo Mauldin aliyaweka maneno hayo chini, juu yake akachora mvua, na katikati ya mvua safu ya watu wanaoburuta miguu. Inabidi utazame kwa makini ujue nani mshindi na nani mateka.

Wachoraji, tazameni pia mkono wake. Brashi, wino mweusi, mistari minene, vivuli vizito. Gazeti la vitani huchapwa kwa mtambo wowote uliopatikana, kwenye karatasi duni. Mstari mwembamba wa kalamu hukatika au hupotea kabisa, ule mnene hufika. Ninyi leo mnachorea watu watakaotazama kwenye simu ya mkononi, juani, skrini ina ufa. Hali ni ileile.

Najua kuna anayejiuliza: nani atakaa kutazama watu wawili wanakausha soksi? Watazamaji wanataka mabomu. Samahani, hoja hiyo imenichosha. Mwaka 2008 televisheni ya HBO ya Marekani ilitoa tamthilia ya sehemu saba, Generation Kill, kuhusu wanamaji wa Marekani, wale Marines wanaopigana hata nchi kavu, waliovamia Iraq 2003. Sehemu kubwa ilipigwa huku kwetu Afrika, jangwani Namibia, Afrika Kusini na Msumbiji. Haina muziki wa kukuambia sasa huzunika, sasa furahi. Saa nzima watu wamebanana ndani ya gari, wanalalamika betri za miwani ya usiku zimekwisha, mafuta ya bunduki hayajaletwa, amri imebadilika mara ya tatu. Mmoja wa wale wanamaji, Rudy Reyes, aliigiza nafsi yake. Ukitazama huchoki, kwa sababu betri ikiisha mtu haoni gizani, na asipoona gizani unaanza kumwogopea.

Sasa M*A*S*H, tamthilia ya Marekani ya Vita vya Korea. Vita vya Korea vilidumu miaka mitatu, 1950 hadi 1953. Tamthilia yake ilirushwa miaka 11, kuanzia Septemba 1972 hadi Februari 1983, na sehemu ya mwisho ilitazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100. Ilikuwa ya kuchekesha, kuhusu madaktari wa hospitali ya jeshi karibu na mstari wa mbele, na kituo cha televisheni kiling'ang'ania iwekwe kicheko cha kurekodiwa. Watengenezaji wakasimama kwenye jambo moja: ndani ya chumba cha upasuaji kicheko hakiingii. Madaktari watatania wakiwa wameinamia tumbo lililopasuliwa, lakini hakuna atakayecheka kwa niaba yako. BBC walipoirusha Uingereza walikiondoa kicheko karibu chote. Mnaohariri sauti, fanyeni jaribio hilo: chukueni onyesho moja, litazameni na kicheko, kisha bila kicheko. Utani uleule unageuka kuwa watu wanaojizuia kulia.

Na kifo. Katika sehemu ya M*A*S*H iliyorushwa 1975, mkuu wa hospitali, Henry Blake, anapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Wameagana, amepanda helikopta, kila mtu amefurahi. Kisha karani anaingia chumba cha upasuaji na kusoma ujumbe: ndege yake imetunguliwa, hakuna aliyepona. Waigizaji wengi walikuwa hawajauona ukurasa huo mpaka saa ya kuupiga. Kinasikika kifaa kimoja kikianguka sakafuni, na mikono inaendelea kushona majeraha, maana mgonjwa yuko mezani na hawezi kungoja. Mwenzako akifa vitani kazi haisimami. Katika miswada yenu mtu akifa kila mmoja anapiga magoti, muziki unapanda, adui naye kwa hisani yake anaacha kufyatua. Huko ni kumpaka askari mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nitembee haraka kwenye sauti, muda unanikimbia. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Bomu likilipuka umbali wa kilomita moja, mwanga unauona papo hapo na mshindo unakufikia baada ya sekunde tatu. Kwa picha 25 kwa sekunde hizo ni fremu 73 hivi. Mhariri, isukume sauti mbele fremu 73, hutalipa hata senti. Risasi ya AK huanza na mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, kwa hiyo inaitangulia sauti ya bunduki yake. Aliye mita 300 mbali husikia kwanza mlio mkali kama mjeledi, ni risasi inapita, kisha kama theluthi ya sekunde baadaye mshindo mzito wa bunduki kule ilikotoka. Askari aliyezoea hupima umbali kwa pengo hilo. Magazini ni risasi 30, na kwa kasi ya risasi 600 kwa dakika zinakwisha kwa sekunde tatu. Mhusika wenu anayemimina dakika nzima bila kubadilisha magazini hakupewa bunduki na jeshi lolote. Ule moto mkubwa wa rangi ya chungwa ni petroli ya watu wa sinema. Kombora la mzinga hutoa mwako wa ghafla, vumbi na moshi wa kijivu, na kinachoua ni vipande vya chuma usivyoviona.

Band of Brothers ya 2001, tamthilia ya Marekani kuhusu askari wa Vita vya Pili vya Dunia, ilijitahidi sana: sehemu kumi, zaidi ya dola milioni 120, waigizaji wakapelekwa kambini siku kumi chini ya Dale Dye, kapteni mstaafu wa wanamaji. Hata hivyo maandishi ya mwisho wa sehemu moja yanasema askari Albert Blithe hakupona majeraha yake na alifariki 1948. Si kweli. Alipona, akabaki jeshini, akapigana Korea, akafariki 1967. Wenzake walidhani amekufa na maneno yao yakaandikwa. Kumbukumbu ya askari ni hazina, lakini tarehe ya kifo inatafutwa kwa familia na kwenye faili la jeshi.

Mtasema hayo ni ya Wazungu na baridi yao. Haya, Burma 1944. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, iliteremka Bonde la Kabaw kwa miguu kwenye mvua za masika, kutoka Tamu mwezi Agosti hadi Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Chakula kilidondoshwa kwa ndege. Ruba kwenye viatu. Vidonge vya malaria vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Huko Kalewa lilijengwa juu ya mto Chindwin daraja la vyuma la zaidi ya mita 350, refu kuliko lolote la aina yake wakati ule. Niambieni, tamthilia yake iko wapi? Na vita vya Kagera, askari wa JWTZ waliotembea kutoka Mutukula mpaka Kampala, Aprili 1979? Wazee wake wapo hai, wamekaa vibarazani, na mtu haendi kuwauliza viatu vyao vilidumu mpaka wapi.

Nilikusudia kuwazungumzia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na Mjapani Shigeru Mizuki aliyepoteza mkono wa kushoto katika kisiwa cha New Britain, Pasifiki, kisha akachora vita kwa mkono uliobaki. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mizuki msomeni wenyewe: nyuso kachora kikatuni kabisa, msitu kauchora jani kwa jani, na makofi ya wakubwa kwa askari wadogo hayahesabiki.

Kazi ya wiki ijayo. Kila mmoja amtafute askari mstaafu mmoja, wa vita vyovyote. Msimuulize aliua wangapi. Swali hilo ni la aibu na atawafunga mdomo. Muulizeni vitu vinne: begani alibeba nini na kilikuwa na uzito gani, maji aliyapata wapi, alilala juu ya nini, na miguu yake ilikuwaje. Leteni ukurasa mmoja wa picha nane, mweusi na mweupe, bunduki isifyatuliwe hata mara moja. Waandishi wa tamthilia, dakika tano, watu wawili, handaki moja, bila muziki. Nitapokea hadi Ijumaa saa kumi jioni.